Vidonge vya Parkinson: 25/100 inashinda 25/250, na sababu iko kwenye ile namba ndogo

Cheti cha ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, kikiandikwa "levodopa/carbidopa" bila namba, muuza dawa hutoa alichonacho rafuni. Akiwa na 25/250 pekee, mgonjwa anayeanza hupewa hiyo na kuambiwa akate robo au nusu, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu anatapika, siku ya tano familia inasema dawa ni kali, wiki haijaisha strip imetupwa juu ya kabati. Dawa yenyewe haina kosa hapo. Kosa ni la saizi.

Tunavipima hapa vidonge hivyo saizi kwa saizi, pamoja na ndugu zake: Madopar (levodopa iliyochanganywa na mwenza mwingine), vile vinavyoachia dawa polepole, na mwishoni pampu ya chini ya ngozi ambayo wenzetu walioko Uingereza na Marekani wanaanza kuipata. Dozi ya mtu hupangwa na daktari wake. Sisi tunaangalia bidhaa inavyofanya kazi nyumbani, na pale inapoharibikia mikononi mwa mtumiaji.

Pakiti nyingine huandika 25/100, nyingine 100/25. Usihangaike na mpangilio: namba ndogo ni kabidopa, kubwa ni levodopa, zote kwa miligramu. Levodopa ndiyo inayotibu. Inavuka ukuta unaotenganisha damu na ubongo, kisha inageuzwa kuwa dopamini, kile ambacho ubongo wa mgonjwa umepungukiwa. Dopamini yenyewe ukimpa mtu haivuki ukuta huo. Tatizo ni kwamba mwilini kuna kimeng'enya kinachoigeuza levodopa mapema, ikiwa bado kwenye utumbo na damu. Dopamini inayopatikana njiani haimsaidii mgonjwa kutembea; inachokoza kituo cha kutapika na kushusha presha, basi. Kabidopa inakifunga kimeng'enya hicho, na kwa kuwa yenyewe haiingii ubongoni, huko ndani kazi inaendelea kama kawaida. Jina la biashara Sinemet limetoka kwenye Kilatini, kwa maana ya "bila kutapika". Ni tangazo la kweli, mradi kabidopa iwe ya kutosha.

Ya kutosha ni kiasi gani? Takriban miligramu 70 hadi 100 kwa siku. Sasa piga hesabu. Kidonge kizima cha 25/100 mara tatu kwa siku kinatoa levodopa 300 na kabidopa 75. Imefika. Robo ya 25/250 mara tatu inatoa levodopa 187.5 na kabidopa 18.75. Hata ukipanda hadi nusu mara tatu, unapata levodopa 375 na kabidopa 37.5 tu, nusu ya inayotakiwa. Kwa hiyo yule mgonjwa wa robo anameza levodopa kidogo kuliko mwenzake wa 25/100, lakini anatapika zaidi, na kinachofika ubongoni ni kidogo zaidi. Ile ya 10/100 ina kasoro hiyohiyo: mara tatu kwa siku inakupa kabidopa 30.

Ndiyo maana kwa anayeanza tunaipa 25/100 nafasi ya kwanza bila kusitasita. Kwa kawaida daktari huanza na nusu yake, akapandisha taratibu kwa wiki kadhaa hadi kizima mara tatu. Siku za mwanzo, wakati kabidopa haijafikia kiwango, kumeza dawa na biskuti kavu au kipande cha mkate hupunguza kichefuchefu.

25/250 si dawa mbaya. Mahali pake ni kwa mgonjwa wa miaka mingi anayemeza vidonge vizima: vinne kwa siku ni kabidopa 100, hesabu imekaa sawa. Ubaya wake unaanza pale kisu kinapoingia.

Na tukiwa kwenye kisu: kidonge chenye mfereji mmoja katikati kimetengenezwa kugawanyika mara mbili. Ukitaka robo, nusu ile hupasuka vipande visivyolingana, unga unabaki mezani, na dozi ya saa 2 asubuhi si sawa na ya saa 8 mchana. Mgonjwa anasema leo dawa imeshika, jana haikushika, na watu wanadhani ugonjwa unapanda. Kama hakuna njia nyingine, tumia kikata vidonge chenye wembe, si meno wala kisu cha jikoni, na ukate cha leo leo. Levodopa haipendi unyevu, mwanga wala hewa. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, nusu iliyoachwa wazi kwenye kisahani huanza kupata madoa ya kahawia. Ukiyaona, tupa. Strip ikae kwenye pakiti yake, mbali na jiko na bafu. Mate, jasho au mkojo vikiwa na weusi kidogo, au vazi la ndani likaacha doa, hiyo ni rangi ya dawa inapokutana na hewa, haina madhara.

Usitegemee rangi ya kidonge kutambua saizi. Viwanda vinatofautiana, na "ile ya bluu" ya mwezi uliopita inaweza kuwa kitu kingine mwezi huu. Majina nayo yana mtego. Baadhi ya kampuni hujumlisha namba zote mbili: Syndopa 275 ni 250 na 25, Syndopa 110 ni 100 na 10. Madopar inafanya vilevile, ikitumia benserazidi badala ya kabidopa: Madopar 250 ina levodopa 200 na benserazidi 50. Hapo watu huteleza. Aliyekuwa kwenye Madopar 250 mara tatu anapata levodopa 600 kwa siku. Mhamishe kwenye 25/250 "kwa sababu zote ni 250" na amefika 750, ongezeko la robo nzima kwa siku moja. Akianza kujinyonganyonga mikono na shingo au kuona watu wasiokuwepo, usitafute mchawi. Soma pakiti.

Madopar ina toleo moja tunalolisifu sana: kidonge kinachoyeyuka kwenye maji. Kwa mtu anayeamka amekakamaa hata kugeuka kitandani ni kazi, au koo limeanza kugoma kumeza, dozi ya kwanza ya kunywa hushika haraka kuliko kidonge kikavu. Iyeyushe kwenye robo glasi ya maji, koroga, inywewe palepale, kisha zungusha maji mengine kwenye glasi hiyohiyo na uyanywe, maana dawa hutuama chini. Pale ambapo haipatikani, wapo wataalamu wanaowaandalia wagonjwa maji ya levodopa: vidonge 10 vya 25/100 ndani ya lita 1 ya maji pamoja na gramu 2 za vitamini C, ambayo huzuia dawa isioze. Kila mililita 1 inakuwa na miligramu 1 ya levodopa. Yanadumu siku moja tu, yakifichwa mwanga, na hutikiswa kabla ya kila kipimo. Usianze hili peke yako, lakini mwulize daktari ikiwa dawa inakatakata, yaani nguvu yake inaisha kabla ya dozi inayofuata, na vidonge havimtoshi mgonjwa.

Vidonge vya kuachia polepole, vyenye herufi CR, vinavutia kwa maneno. Matumizi yake mazuri ni ya usiku, mtu asiamke amekuwa gogo. Mchana havitabiriki: vinachelewa kushika, na mwili unapata takriban asilimia 70 tu ya kile ambacho ungepata kwenye kidonge cha kawaida chenye kiasi kilekile. Na usivisage wala kuvitafuna. Ukivisaga kwenye uji umeshaharibu ule utaratibu wa kuachia polepole, dawa yote inamwagika kwa mkupuo.

Ila bidhaa bora kuliko zote huharibiwa na kikombe kimoja: chai ya maziwa. Levodopa hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba kwa mlango uleule unaotumiwa na asidi amino za protini, na hukutana nazo tena kwenye mlango wa kuingia ubongoni. Maziwa, nyama, samaki, mayai, maharage na dengu vyote vinaugombania mlango huo. Kidonge kinachomezwa saa 1 asubuhi kwa chai ya maziwa na yai, kisha kingine saa 7 mchana katikati ya ugali na maharage, kinaweza kupoteza sehemu ya kazi yake. Meza kwa maji matupu, glasi nzima, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, au saa 1 na nusu hadi 2 baada ya mlo. Mtu asinyimwe protini. Wagonjwa hawa hukonda upesi. Wenye dawa inayokatakata mchana husogeza nyama na maharage kwenye mlo wa jioni, mchana wakala wali, viazi, ndizi, mboga na matunda. Vidonge vya madini ya chuma navyo huishika levodopa tumboni. Vitenganishe kwa saa 2 au zaidi. Choo kikifunga siku tatu, dawa nayo inachelewa, kwa hiyo maji, papai na mboga za majani ni sehemu ya dozi.

Kuna sababu nyingine ya "dawa imekata" ambayo si chakula. Levodopa ikiwa na kabidopa hupungua nusu katika damu kila baada ya saa 1 na nusu hivi. Miaka ya mwanzo ubongo bado una akiba, ndiyo maana dozi tatu zinatosha. Baadaye akiba inapungua, na mgonjwa anaanza kuhisi kila dozi inaposhika na inapokata, kama umeme wa mgawo. Hapo jibu la kwanza mara nyingi ni kusogeza dozi karibu zaidi, wala si kuifanya kila dozi kuwa kubwa. Daktari atakusaidia haraka ukimpelekea karatasi ya siku tatu: saa ya kumeza, saa iliposhika, saa ilipokata, saa mwili ulipojinyonganyonga, na saa ya kula. Maelezo ya "inamsumbua sana" hayampi pa kushika. Zipo dawa za kurefusha dozi: entakaponi miligramu 200 pamoja na kila dozi ya levodopa (mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa au kahawia, usishtuke), au opikaponi miligramu 50 mara moja usiku.

Sasa onyo ambalo tungependa libandikwe kwenye kila kaunta. Mgonjwa wa Parkinson akitapika, asipewe metoklopramidi, ile ambayo wengi wanaiita Plasil. Inafunga milango ya dopamini ubongoni na inaweza kumkakamaza mtu siku hiyohiyo. Proklorperazini, promethazini, Largactil na haloperidoli ziko kundi moja. Kizunguzungu nacho humletea mzee Stugeron, inayouzwa kama pipi. Sinarizini iliyomo inajulikana kwa kusababisha dalili za Parkinson kwa wazee hata wasiokuwa na ugonjwa huo. Kwa kichefuchefu, domperidoni haivuki kwa wingi kwenda ubongoni, basi ndiyo inayochaguliwa, isizidi miligramu 30 kwa siku, na baada ya moyo kupimwa kwa mwenye matatizo ya mapigo. Akiona kizunguzungu anaposimama, pima presha akiwa amelala na tena akiwa amesimama kwa dakika 3 kabla ya kununua chochote.

Mbadala wa bei nafuu unaotolewa levodopa ikikosekana ni benzheksoli, inayojulikana pia kama Artane. Inapunguza kutetemeka kiasi kwa mtu ambaye bado si mzee. Haisaidii sana mwili kuwa mzito kusogea na hatua fupi, na kwa mtu wa miaka 70 inakausha mdomo, inafunga mkojo na kumchanganya akili. Tunaipa alama ndogo. Mgonjwa anayetumia na kumbukumbu zinaanza kupotea, arudi kwa daktari aipunguze taratibu.

Na upupu? Swali hili halikwepeki, maana unga wake unauzwa mtandaoni kama dawa ya asili ya Parkinson. Ni kweli: mbegu za upupu, mmea uleule unaowasha, zina levodopa halisi, takriban asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake, na imepimwa kwa wagonjwa ikafanya kazi. Kasoro ni ileile tuliyoanza nayo. Hauna kabidopa, kwa hiyo inahitajika levodopa mara kadhaa zaidi kupata matokeo yaleyale, pamoja na kutapika na presha kushuka. Kiasi hubadilika kutoka mbegu moja hadi nyingine. Vitamini B6, iliyomo kwenye vidonge vingi vya neva, inaipunguza nguvu levodopa isiyo na kabidopa. Na anayeongeza kijiko cha unga huo juu ya vidonge vyake bila kumwambia daktari amejiongezea dozi gizani. Kwa mtu asiyeweza kabisa kupata vidonge, ni jambo la kujadiliwa na daktari kwa kipimo. Kwa mwenye vidonge, hatuoni faida.

Vidonge vingekuwa vinafika kwa kila anayevihitaji, tathmini hii ingekuwa fupi. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000, ulipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Levodopa na kabidopa imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ikiwemo 25/100. Ni haki kumwuliza mfamasia wa hospitali kwa nini hana saizi hiyo.

Wanaofunga Ramadhani wapange mapema. Kati ya daku na futari kuna saa 13 hivi, na dawa inayopungua nusu kila saa 1 na nusu haiwezi kulijaza pengo hilo hata ukimeza vidonge viwili kwa mpigo alfajiri. Kinachofuata ni mtu kujinyonganyonga asubuhi na kuganda alasiri. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Kuacha levodopa ghafla ni hatari yenyewe: homa kali, mwili kukakamaa kama ubao na fahamu kuvurugika, hali inayoua.

Pampu sasa. Inaitwa Produodopa Ulaya na Uingereza, Vyalev nchini Marekani, ambako iliidhinishwa Oktoba 2024. Huduma ya afya ya England ilianza kuitoa Februari 2024. Ndani yake kuna foslevodopa na foskabidopa, yaani levodopa na kabidopa zilizofungwa fosfati ili ziyeyuke vizuri kwenye kimiminika. Dawa ya kichupa cha mililita 10 huvutwa kwenye bomba la sindano linalowekwa ndani ya pampu ya kubeba kiunoni, na kanyula (mrija mwembamba) hupitisha dawa chini ya ngozi ya tumbo saa 24, mchana na usiku. Chakula hakizuii tena mlango wa utumbo, ingawa ushindani wa kuingia ubongoni unabaki. Kwa anayekatikiwa na dawa mara tano kwa siku, tofauti ni kubwa, hasa usiku na alfajiri.

Kinachoharibika ni ngozi. Uvimbe mgumu, wekundu na maambukizi pale kanyula ilipokaa ndiyo malalamiko makuu. Mahali hubadilishwa angalau kila siku 3, pawe sentimita 2.5 au zaidi kutoka kila mahali palipotumika siku 12 zilizopita. Mikono ioshwe, ngozi isafishwe kwa spiriti na iachwe ikauke kabla ya kuchoma. Wanaoruka hatua ya kukauka ndio wanaorudi na vipele. Pampu ikisimama zaidi ya saa 1, weka mrija mpya na mahali papya. Vichupa hukaa kwenye friji, na vikitoka vinavumilia hadi siku 28 kwenye joto lisilozidi nyuzi 30. Hiyo namba ya mwisho isomwe mara mbili na anayetaka kusafiri nayo kuja pwani Desemba: beba begi la ubaridi, barua ya daktari, na vidonge vya akiba vyenye dozi iliyoandikwa, kwa siku ambayo pampu itagoma.

Upasuaji wa kuweka waya za umeme ubongoni, uliotengenezwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987 na kundi la daktari wa upasuaji wa ubongo Alim-Louis Benabid, nao umesogea: Februari 2025 Marekani iliidhinisha mashine inayosoma mawimbi ya ubongo na kujirekebisha yenyewe. Kabla ya kuuza shamba kwa ajili yake, jua kanuni moja. Ukiondoa kutetemeka, dalili ambazo kidonge hakizigusi hata kikiwa kimeshika vizuri, waya nazo huwa hazizigusi. Ndiyo maana wapasuaji humpima mgonjwa kwanza kwa dozi ya levodopa, asubuhi, tumbo likiwa tupu.

Akilazwa kwa jambo lingine, malaria au kuvunjika nyonga, mpelekeeni vidonge vyake na karatasi yenye saa za kumeza. Wodi hugawa dawa kwa ratiba yake, na dozi ya saa 5 inayotolewa saa 8 ni saa 3 za kuganda. Na mkienda kununua strip inayofuata, mwambieni muuza dawa: levodopa mia moja, kabidopa ishirini na tano. Akisema ipo 25/250 tu, mpigieni daktari kabla ya kulipa.